Daftari Langu Katika Njia za Idjwi

Bukavu, Jumatano asubuhi

Yaya wangu Kitoga, kaka yangu mkubwa,

Barua hii ikukute umekaa, umekula, na miguu yako ni mikavu, maana najua katika miezi hii ya mvua mashimo ya dhahabu hujaa maji na wewe huna desturi ya kusema unapoumwa. Goti la mama linaendeleaje? Bado analisugua kwa mawese kila asubuhi, au amekubali kwenda zahanati? Na shemeji, je, ameshajifungua? Kama ni mtoto wa kike mpeni jina la bibi yetu, nawaomba, kabla ukoo wa shemeji haujatutangulia.

Mimi ni mzima. Sina homa, sina kikohozi. Nina malengelenge mawili kwenye kisigino cha kulia, basi, na barua hii yote ni habari ya jinsi nilivyoyapata.

Ninaituma kwa mkono wa muuguzi wa zahanati yenu, aliyekuja huku kuchukua dawa na anayerudi Mwenga Ijumaa. Habari za mji unazisikia kwenye redio. Sitaongeza neno, maana karatasi ikishatoka mkononi mwangu sijui itapita kwa nani. Nitakuandikia mambo yangu mwenyewe.

Unakumbuka nilikutumia ujumbe kwamba shefu wa biro yetu, yaani mkuu wa ofisi, anataka kunituma kisiwani Idjwi. Shirika letu linasaidia watu kuandikisha mashamba yao, ili mjane au yatima asinyang'anywe alicholima, na sasa linataka kufungua biro ndogo kule, yenye meza moja na karani mmoja, yaani mimi. Alinipa hadi Jumanne nijibu. Nikikataa, mkataba wangu hautaendelea, kwa sababu meza yangu ya hapa Bukavu inaondolewa. Wewe ulinijibu kwa maneno matatu tu: "Enda uone kwanza."

Sikutaka hata kuona. Unanijua, yaya. Naogopa maji, naogopa mbwa, naogopa watu wakipandisha sauti, na kuna siku nasimama mbele ya mlango wa shefu hadi chai yake inapoa mkononi mwangu kabla sijabisha. Na mashamba ya kisiwani si kitu cha mchezo. Nchi ni ndogo, watu ni wengi, na pande zote kuna maji. Walikwisha kupita huko watu wengine na karatasi zao, si wa kwetu, na waliacha ugomvi nyuma yao. Moyoni nilikuwa nimeshakataa.

Aliyenitoa hapo ni Maman Nabintu, mpiga mashine ya kuandikia wa biro yetu. Ni mama wa makamo, anakaa mtaa wa Kasha, anashuka mjini kila asubuhi kwa miguu na bado anafika akiwa na nguvu ya kututania sote. Dada yake ameolewa Idjwi. Jumatatu ilikuwa siku ya mapumziko, na Jumamosi jioni, tukifunga biro, aliniambia: "Mulonda, weye unaogopa kisiwa yenye hauyaona? Kuya tuende kesho. Tutalala kwa dada yangu, tutatembea na miguu, utaangalia na macho yako mwenyewe. Ukitaka kukataa, angalau ukatae kitu unajua."

Nikaenda. Boti iliondoka Jumapili asubuhi ikiwa imejaa watu, sabuni, mabati na mbuzi wawili waliotulia kuliko mimi. Nilikaa katikati kabisa, nikashika kitunga, kile kikapu cha Maman Nabintu, kwa mikono miwili. Tulipofika mahali ambapo nyumba za mji zinaanza kuwa ndogo, akaniambia kwa sauti ya kusikika na watu wote: "Mulonda, hii kitunga yangu haijue kuogelea. Iachilie." Walicheka hadi nahodha. Mimi nilizidi kukishika.

Sitakuandikia mengi ya Jumapili ile. Tulifika, tulipokelewa vizuri, tulikula sambaza, vile visamaki vya ziwani, na ugali wa muhogo, nikalala kitandani huku mwili bado unayumba. Nataka nikueleze ya Jumatatu.

Tuliondoka mapema kuvuka mlima kwenda ufuko wa pili, kisha turudi. Maman Nabintu alisema ni mwendo wa saa tatu kwa kwenda na kurudi. Ulichukua karibu saa sita, nami nilikuwa nimevaa viatu vya biro. Njia inapanda katikati ya migomba na kahawa, nyembamba, ya udongo mwekundu, imechimbika katikati kwa miguu ya watu. Tulipofika juu nilisimama. Upande mmoja ziwa, upande mwingine ziwa, na sisi tuko juu ya mgongo wa nchi kama watu waliopanda juu ya paa la nyumba. Chini kabisa mitumbwi ya wavuvi ilikuwa imefungwa mitatu mitatu, nyavu zimeanikwa. Hakuna gari, hakuna pikipiki kwa wakati ule. Ng'ambo ya bonde mtu alikuwa anapasua kuni. Naliona shoka linashuka, kisha baadaye ndipo nasikia sauti yake.

Yaya, ni miaka sita sijasikia shoka. Hapa mjini tunanunua makaa. Nilikaa chini nikajifanya nafunga viatu.

Nilikuwa nakumbuka njia ya kwenda mto Elila, tulipokuwa tunakwenda kuangalia mitego ya samaki ya baba kabla ya shule. Ulikuwa unatangulia wewe, na fimbo, unayapiga majani kulia na kushoto ili umande ukuangukie wewe. Tukifika mtoni, suruali yako inatiririka maji hadi kiunoni na kaptula yangu ni kavu, na mwalimu anakuchapa wewe kwa uchafu. Sikuwahi kufikiri juu ya jambo hili hadi Jumatatu, katika njia ambayo haikuwa na umande wowote, kwa maana jua lilikuwa limeshapanda. Nilikumbuka pia ulivyonifundisha nisipotee. Kwenye kila njia panda ulinisimamisha: "Sema unachoona." Nami nasema: mti uliopigwa na radi, jiwe la kunolea panga, kichuguu chenye milango miwili. Na tukikutana na mtu, lazima nimuulize jina lake na jina la mwenye shamba tunalopita. Ulisema jina la mtu uliyekutana naye ndilo njia ya kurudi, kwa sababu ukipotea utauliza nyumba yake.

Basi hapo ndipo nilipofanya kosa.

Maman Nabintu alimkuta rafiki ya dada yake mbele ya nyumba, akapewa kiti na kikombe cha kasiksi, ile pombe ya ndizi. "Tangulia," akaniambia, "njia ni moja." Njia haikuwa moja. Baada ya hatua mia iligawanyika, kisha ikagawanyika tena, na mimi niko peke yangu na hofu yangu. Nikafanya ulivyonifundisha, ila mimi siku hizi siamini kichwa changu, naamini karatasi. Nikatoa daftari. Kila njia panda niliandika ninachoona. Kila mtu niliyekutana naye nilimsalimu kwa heshima, nikamuuliza jina lake na shamba lile ni la nani, nikaandika. Mama mmoja asiye na meno mawili ya mbele alinipa maji ya kunywa. Nikaandika jina lake pia.

Yaya, fikiri. Kijana wa mji, shati limepigwa pasi, viatu vya biro, anapita kisiwani na daftari akiuliza: hili ni shamba la nani? Mtu yeyote mwenye akili angejua. Mimi nilikuwa naona tu kwamba watu wamepunguza kuongea. Mwanamke aliyekuwa akilima alisimama, akaweka jembe begani, akaondoka bila kunijibu. Nikadhani ni saa ya kupumzika.

Habari ilipita kwa njia fupi ikanitangulia. Nilipozunguka ukingo wa shamba moja la mananasi, mahali ambapo njia ni nyembamba, juu kuna ukuta wa udongo na chini kuna mteremko hadi ziwani, nilimkuta mama mmoja mzee amekaa chini katikati ya njia, miguu ameinyoosha mbele, jembe liko mapajani. Nilikuwa nimempita asubuhi ileile upande wa juu wa shamba lake, nikamsalimu, hakunijibu.

Unajua kwetu jinsi ilivyo, na kwao ni vilevile. Mtu mzima akinyoosha miguu, huiruki. Kuruka miguu ya mama ni tusi ambalo maji hayaliondoi.

"Mama, naomba njia," nilisema.

"Njia iko ya bantu," alinijibu kwa Kiswahili cha taabu. "Weye uko mutu ao uko karatasi?"

Akaonyesha daftari kwa kidevu. "Andika na hii. Andika ya kama Maman M'Bisimwa amekaa chini mu njia yake, na hatoki."

Nikageuka kurudi. Nyuma yangu kulikuwa na watu. Mwanaume mmoja alikuwa na panga la kukatia migomba, wanawake kama wanane, na kati yao yule mama aliyenipa maji.

"Njo ule," alisema mwanaume, yaani ndiye huyo. "Njo aliuliza jina yangu na mwenye shamba."

"Na miye nilimupa maji!" mama yule alilalamika, kana kwamba nimeyaiba.

Sijui nilisimama pale muda gani. Labda nusu saa, labda zaidi. Jua lilikuwa utosini. Nilisema mimi ni mgeni tu, naangalia nchi, na nikasikia mwenyewe jinsi neno lile la kuangalia nchi lilivyo baya. Mwanaume yule aliongea Kihavu, lugha ya kisiwani, haraka na wengine wakaitikia. Niliwaza kulitupa daftari ziwani, nikawaza kuruka. Hatua moja tu ndefu, miguu ile ilikuwa myembamba, ningekuwa ng'ambo na ningekimbia. Sikuiruka. Si ujasiri, yaya, usinisifu. Niliogopa kuiruka kuliko nilivyoogopa panga.

Ndipo nikasikia mtu anahema nyuma ya watu. "Mulonda! Nimekuacha kidogo tu, umeshakusanya misa?"

Wakamweleza Maman Nabintu kwa Kihavu, wote kwa pamoja. Alianza kucheka, kisha akaacha. Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama biro.

"Iko nini mu ile kaye?" aliuliza, akionyesha daftari.

"Ni njia," nikasema. "Njia tu, ili nirudi."

"Basi basomee."

"Kwa sauti?"

"Ao unataka bakusomee beye?"

Nikafungua daftari. Nilisoma, na yeye akatafsiri sentensi kwa sentensi, akisimama juu ya jiwe. Nilisoma kama nilivyoandika: "Njia panda ya kwanza. Mti wa avoka uliokatwa tawi. Nenda kushoto. Mbwa wa manjano, amefungwa, Mungu asifiwe." Mtu mmoja akakohoa. "Njia panda ya pili. Bati jipya. Mbwa mweusi, HAJAFUNGWA. Pita haraka." Hapo wanawake wakaanza kucheka, na mwanaume mwenye panga akasema kitu ambacho Maman Nabintu alinieleza baadaye: yule mbwa mweusi ni wake na hana meno. "Nyumba ya mama aliyenipa maji. Meno mawili hana. Anacheka kama mama yetu." Yule mama akaziba mdomo kwa mkono, kisha akaondoa mkono akacheka wazi, mbele ya wote.

Maman M'Bisimwa hakucheka. "Soma ya kwangu," alisema.

Sikutaka. Nilimwambia Maman Nabintu kwamba hapo ni mambo ya nyumbani kwetu. Akasema: "Soma, Mulonda, njo hapo banangojea."

Nilisoma: "Shamba la mananasi. Mistari imenyooka kuliko ya daftari hili. Mwenye shamba hajajibu salamu. Ana macho ya mama siku ile baba mdogo alipokuja na kamba ya kupimia shamba."

Maman Nabintu aliitafsiri polepole. Nikamsikia Maman M'Bisimwa akiuliza, si kwa hasira: "Shamba ya mama yako ilienda?"

"Nusu ilienda, mama."

"Ile ya chini ao ya juu?"

"Ya chini. Yenye maji."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa jambo analolijua.

Halafu Maman Nabintu, ambaye hawezi kufunga mdomo wake hata kwa ufunguo, akasema: "Na huyu njo mutu banataka kutuma hapa, kuandika mashamba yenu." Nilidhani nimekufa. Lakini yule mama mzee alinipima kutoka viatu hadi kichwa.

"Huyu?" alisema. "Huyu anaogopa hata mbwa ya kufungwa."

Wakacheka tena, na mimi nilicheka kidogo, kwa kuwa ni kweli. Yeye akangoja wamalize.

"Yule wa karatasi mwenye alitangulia hakuogopa kitu," alisema. "Nilikaa hapahapa. Aliruka miguu yangu."

Kicheko kiliisha palepale. Yule mwanaume alitazama panga lake kama amelikuta mkononi bila kujua. Na mimi ndipo nilipoelewa kwa nini mama huyu alikuwa amekaa, na alikuwa anangoja nini kwangu muda ule wote.

Akanyoosha mkono, akaomba karatasi ile. Yaya, tangu nianze kazi sijawahi kuchana ukurasa, kurasa zetu zina namba. Nilizichana kurasa zote mbili nilizoandika, zenye majina yote na mbwa wote. Akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kitenge chake. Hajui kusoma. Alitaka tu ziwe kwake na zisiwe kwangu. Kisha akakunja miguu, akanipa mkono nimwinue, akasema: "Pita."

Ndiyo sababu ninakuandikia haya yote kutoka kichwani, na kama nimesahau kitu, kiko kwake.

Tulifika ufuko wa pili. Nilivua viatu, nikaingia majini hadi kwenye vifundo ili kupoza kisigino, na Maman Nabintu hakunitania hata kidogo, akakaa anakula muwa. Tuliporudi, watu walinisalimu kwa jina. Sikuandika kitu, na sikupotea.

Jana Jumanne, tulipotoka botini, nilibisha mlango wa shefu. "Unaenda ao hauendi?" aliniuliza bila kuinua kichwa. Nikasema ninaenda, lakini naomba jambo moja: kila karatasi nitakayoandika kule isomwe kwa sauti, nje, mbele ya mwenye shamba na majirani zake, kabla mtu hajaweka kidole. Akasema itanichukua siku nzima kwa shamba moja. Nikasema ndiyo, shefu. Akaniuliza kama najua kuogelea. Nikasema hapana. Akaandika kitu, sijui nini, akanipa mkono.

Ninavuka wiki ijayo. Usiku sipati usingizi vizuri, nikifikiri juu ya ile boti. Usidhani nimebadilika.

Lakini kuna jambo nataka kukuambia, nalo ndilo lililonifanya nikae asubuhi hii niandike badala ya kukupigia siku utakapopata mtandao. Siku ile baba mdogo alipokuja na kamba, wewe ulisimama mbele ya mama, hukuwa na ndevu bado, na mimi nilikuwa chini ya kitanda. Nilisikia kila kitu. Nilikuwa najua kusoma; ningeweza kutoka na kuisoma ile karatasi ya shamba aliyokuja nayo, na sikutoka. Hukuwahi kunilaumu. Ulikwenda kuchimba, ukanipeleka shule, na kila muhula ulinisindikiza hadi mtoni bila neno juu ya siku ile. Sikuwahi kukuomba msamaha. Nakuomba sasa.

Nisalimie mama sana, lakini usimwambie habari ya boti hadi upate neno kwamba nimefika. Mwambie tu nimepandishwa kazi, mahali penye hewa nzuri. Nisalimie shemeji na mtoto, kama ameshakuja duniani. Nisalimie na watoto wako wakubwa, na yule wa pili aache kuruka darasa la Jumatatu. Mjomba anayetega samaki. Katekista aliyenifundisha a-e-i-o-u kwa kuchora mchangani. Na wenzako wa shimoni, hasa yule anayeimba. Baba mdogo naye, kama yu hai, umsalimie. Ni mzee sasa.

Mimi, ndugu yako uliyemfunza njia,

Mulonda